Kifua cha Mwantumu na Moshi wa Kambini

Mwanangu Mwantumu alikuwa akipona barazani kwa daktari kabla daktari hajamwona. Nianze hapo, kwa sababu hapo ndipo hasira yangu ilipoanza, na kwa sababu najua wapo akina baba na akina mama huku Korogwe wanaokaa kwenye baraza ileile na watoto wao, kisha wanaambiwa ni waongo.

Sasa anapumua. Nalisema hilo mapema ili mwenye mtoto kama wangu asisome kwa kuogopa. Mimi mwenyewe siwezi kusikia habari ya mtoto mgonjwa bila kuuliza kwanza kama alikufa.

Mimi ni mtu wa Mpale. Nilisoma shule ya serikali huko pwani, nikahitimu, nikapata ukarani katika shamba moja la mkonge upande wa Ngombezi, kazi ya kusimama kwenye mizani robota za katani zikipimwa. Jina la shamba siliandiki, na msomaji ataelewa kwa nini. Mke wangu, Zuhura, ni Mzigua wa Handeni. Tulipooana tulipewa chumba kambini, katika nyumba ndefu yenye vyumba vingi vilivyoshikana. Kila chumba kina mlango mmoja. Dirisha hakuna. Paa ni la bati, na watu walitusifia hilo bati, wakasema karani ameinuka. Nyumba ya nyasi moshi hupenya paani ukaenda zake. Chini ya bati moshi hugeuka na kurudi kwa watu. Mimi nilikuwa na akili ya kufikiri mambo mia kwa siku, na hilo sikulifikiri.

Tena kulikuwa na amri. Bwana Msimamizi, Mdachi aliyetawala kambi, alikuwa ameogopa homa ya papasi. Aliamuru kila chumba kiwashwe moto wa moshi kila jioni, mlango ukiwa umefungwa, ili wadudu wafe. Nyapara wetu, Sefu, alipita nyuma ya nyumba akitazama kama moshi unachungulia kwenye ukingo wa bati. Chumba kisichotoa moshi, mwenye chumba hakuandikiwa siku yake ya kazi. Kwa hiyo tulifukiza. Kuni zilikuwa vipande vya miti ya mkonge na magome mabichi, kwa sababu kuni kavu hazitoi moshi wa kumridhisha Sefu.

Na kulikuwa na godoro. Kambini kwetu, mtoto akizaliwa, wafanyakazi wenzake na baba, wale wa banda la kuchanulia nyuzi, humletea godoro. Hukusanya nyuzi fupi zilizodondoka chini, laini kama pamba, wakazishindilia kwenye gunia, wakaja nalo kichwani huku wanaimba. Ni heshima kubwa. Nilimlaza Mwantumu juu yake kwa furaha. Wale waliolileta walikohoa tangu mlangoni hadi walipoaga, na kila walipoliweka chini na kulipigapiga lijae vizuri, unga mweupe uliruka chumba kizima. Tuliwapa uji. Tulicheka.

Ugonjwa ulikuja na masika ya pili ya maisha yake. Mvua ilipoanza, Zuhura aliingiza na mafiga ndani, kwa hiyo moto ukawa asubuhi wa uji, mchana wa ugali, jioni wa papasi. Kwanza ilikuwa mafua yasiyoisha. Mwantumu aliisugua pua kwa kiganja akiipandisha juu, juu, mpaka ukajitokeza mstari mwembamba wa mkunjo wa ngozi juu ya pua, kama wa mzee. Macho yakazungukwa na weusi. Kisha kifua kikaanza kulia. Alipovuta pumzi, ngozi ilizama chini ya mbavu na kwenye shimo la koo, mabega yakapanda mpaka masikioni, pua ikatanuka. Alikaa kitako ameinama mbele, ameshika magoti, hataki kubebwa, hataki kuguswa. Mtoto wa miaka miwili anayekataa kubebwa na mama yake!

"Karani, mtoto wako ana filimbi kifuani," alisema Mama Rajabu wa chumba cha pili. "Mpeleke ngomani apate kazi."

"Mama Rajabu, nyamaza," Zuhura alimwambia.

"Nacheka nisilie, mwanangu. Wangu alikuwa hivyohivyo."

Wake alikuwa amezikwa nyuma ya mashimo ya taka za mkonge. Sote tulijua.

Tulikwenda Korogwe. Tulitoka alfajiri, mtoto akipiga miluzi mgongoni kwa mama yake, tukafika jua likianza kuwaka, tukakaa barazani. Baraza ilikuwa ndefu, wazi pande tatu, upepo wa mtoni unaingia na kutoka. Watu walijaa: wenye vidonda vya miguu, wenye homa, wanawake wenye watoto wanaoumwa macho. Waliotumwa na mashamba waliitwa kwanza, kwa sababu walikuwa na vipande, yaani vile vikaratasi vya siku za kazi. Msaidizi wa daktari alipita akivikusanya.

"Kipande cha mgonjwa?"

"Mgonjwa ni mtoto," nilisema.

"Naona ni mtoto. Kipande chake?"

"Ana miaka miwili, ndugu yangu. Afanye kazi gani?"

"Basi asubiri wanaofanya kazi."

Akasubiri. Jua lilipanda. Nikamnunulia kipande cha muwa ili mate yamshuke. Kufikia mchana mabega yake yalikuwa yameshuka, kifua kimetulia, anamchokoza jirani yetu mwenye kidonda. Tulipoitwa, msaidizi alitazama huku na huku.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Huyu hapa."

"Huyu anayetafuna muwa?"

Daktari alimwekea sikio kifuani kwa muda mfupi, akaniambia kwa Kiswahili chake kikavu, "Mtoto mzima. Karani mvivu." Barazani wakacheka. Mwantumu naye akacheka kwa kuwa watu wanacheka.

Jioni ile tulifukiza kama kawaida, na kabla chakula hakijaiva alikuwa ameshika magoti.

Tulirudi mara nyingi, sina haja ya kuhesabu. Kila mara alfajiri alikuwa anakaribia kufa, mchana ni mzima, jioni anakaribia kufa tena. Msaidizi alituzoea. "Karani amekuja kupumzika," alitangaza. "Mpisheni." Na mimi niliyesomea kutafuta sababu nikaanza kutafuta. Nilifikiri labda mtoto anaogopa sura ya Mzungu na hofu inamfungua kifua. Nilifikiri ni muwa, nikanunua muwa mwingi, akaula nyumbani, akazidiwa huku ameushika. Nilifikiri ni mwezi. Nilifikiri ni dhambi ya mtu fulani, nikamtazama kila jirani kwa jicho baya, na wao wakaliona. Nilifikiri mno hata mizanini nikaita uzito wa robota moja badala ya nyingine, nikatukanwa mbele ya wapagazi. Kila sababu niliizungusha kichwani mpaka ikachakaa, isipokuwa ile iliyokuwa ikinitoa machozi kila jioni.

Mwalimu wa chuo cha Kurani alimwandikia kombe, akanywa. Mzee mmoja wa kambini alimchanja chale mbili za dawa kifuani. Alama zake zipo hadi leo, na nikiziona huwa nataka kugombana na mtu, ingawa yule mzee alifanya kwa huruma na hakutaka chochote.

Zuhura alikonda. Alikuwa akimshikilia mtoto wima usiku kucha akiwa ameegemea ukuta, asubuhi anasonga ugali kwa mkono mmoja. Siku moja aliniambia, "Wewe kazi yako kufikiri. Mimi nampeleka kwa mama." Aliamini chumba kile kimefungwa na mtu mwenye husuda, kwa sababu ni chumbani tu mtoto anapougua. Alikuwa karibu na ukweli kuliko mimi, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyeufikia.

Kiangazi kilipoingia niliomba ruhusa, tukafunga safari ya Handeni kwa miguu. Nataka msomaji aielewe safari hiyo. Tulilala nje, penye wasafiri wengine, anga juu yetu. Mavumbi ya njiani, jua, maji machafu, baridi ya alfajiri, vyote vilimpata Mwantumu, na hakupiga mluzi hata mmoja. Aliimba. Aliomba kushuka atembee. Zuhura alisema, "Husuda imebaki Ngombezi." Kichwani mwangu baraza ya daktari na njia ya Handeni zilikuwa zimeanza kusogeleana.

Tulipokelewa kwa furaha. Mkwe wangu wa kike, ambaye jina lake sitaliandika kwa heshima, alimpokea mjukuu mlangoni akaingia naye ndani. Mimi nilibaki uani na mkwe wa kiume, Mzee Mhina. Kwetu na kwa Wazigua mambo haya ni mamoja: mume haingii alimo mama wa mkewe, hamtazami usoni, hali mbele yake. Nikimkuta njiani napisha kwenye majani naye anafunika kichwa kwa kaniki. Salamu zetu hupita kwa Zuhura. Sikuwahi kuona taabu katika hilo. Ni adabu nzuri, huzuia maneno mengi.

Siku ya pili mchana walianza kumfukiza. Bibi aliweka makaa kwenye kigae, akamwaga majani makavu ya dawa, akamchukua mtoto mapajani, wakajifunika blanketi wote wawili juu ya moshi. Zuhura alikaa mlangoni kulinda upepo usiingie. Juu ya moto wa nyumba ile kulikuwa na dari ya mahindi ya mbegu, meusi kwa masizi, yanayohifadhiwa kwa moshi ili yasiliwe na wadudu. Nayajua hayo kwa kuambiwa, maana mpaka saa ile sikuwahi kuingia.

Nilimsikia Mwantumu akilia. Kisha akikohoa. Kisha ule mluzi.

"Mkwe, kaa," Mzee Mhina aliniambia. "Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Shikamoo baba, niwie radhi. Namsikia mtoto."

"Marahaba. Sote tunamsikia. Dawa inamwingia."

"Baba, barazani kwa daktari alikuwa mzima. Njiani alikuwa mzima. Jana hapa uani alikuwa mzima, akakimbiza mbuzi wako. Ameingia ndani tu."

"Ndiyo, ameingia kwenye dawa."

"Baba, labda ni moshi."

Mzee akawageukia wazee wenzake wawili waliokuwa wakisokota kamba. "Mmesikia? Ni moshi. Huko pwani walimfundisha kupumua. Sisi hapa tangu babu zetu tulikuwa tunapumua kwa kubahatisha."

Walicheka sana, nami nikakaa. Nakiri kwamba kicheko kile kilinikalisha. Nilijiambia huenda nimekosea tena kama nilivyokosea kwenye muwa. Nilijiambia mama mkwe ataona aibu, Zuhura atanichukia, mzee atamrudisha binti yake kwao, nitakuwa kichekesho Handeni nzima. Nilikuwa bado najiambia hayo mluzi ulipokatika. Kilio nacho kilikuwa kimekatika. Nikasikia sauti ya Zuhura: "Mama. Mama, mfunue. Mama, midomo!"

Niliingia. Nilimruka mke wangu mlangoni, nikavuta blanketi, nikamwona mama mkwe ana kichwa wazi na machozi ya moshi yanamtiririka, nikamtazama usoni kwa sababu hakukuwa na pengine pa kutazama, nikampokonya mtoto, nikatoka naye mbio mpaka katikati ya uwanja. Midomo ilikuwa ya kijivu. Nilimshika wima, uso kwenye upepo. Nilikuwa napiga kelele, sijui nilisema nini. Akavuta pumzi moja nyembamba kama uzi. Akavuta nyingine. Akatapika ute mwingi begani kwangu, kisha akalia kwa hasira, na sijawahi kusikia kitu kizuri kama hasira ile.

Wazee walikuwa wamesimama na kamba zao mikononi. Hakuna aliyecheka. Lakini hakuna aliyenisogelea pia. Nilikuwa nimefanya jambo ambalo hata walevi hawalifanyi.

Jioni maneno yakaanza kupita ukutani. Mama mkwe alikuwa ndani, mimi nje, Zuhura katikati yetu mlangoni, mtoto amelala kwenye mkeka hewani.

"Zuhura, mwambie mkwe wangu mimi sijaonwa kichwa wazi na mume wa mtu yeyote, seuze mume wa binti yangu."

"Amesikia, mama."

"Mwambie atatoa mbuzi wa kufuta aibu."

"Nitatoa," nilisema.

"Mwambie... Mtoto anapumuaje?"

"Amelala, mama. Kifua kimya kabisa."

"Basi mwambie huyo mbuzi awe jike, mwenye maziwa. Mtoto atayahitaji."

Siku zote tulizobaki Handeni, Mwantumu alilala katika kibanda cha nje kisicho na kuta, na bibi yake alilala pembeni yake kwenye baridi, akipika mbali, upande ambao upepo haurudi. Hakuna aliyemwagiza. Nami sikuwahi kumkasirikia, hata kidogo. Alitoa dawa aliyopewa na mama yake. Hasira yangu naiweka inapostahili.

Inastahili Ngombezi. Nilirudi peke yangu, Zuhura na mtoto wakabaki Handeni, nikaenda moja kwa moja kwa Bwana Msimamizi. Kofia mkononi, nilimwomba ruhusa ya kutoboa dirisha moja katika chumba changu, kwa jasho langu mwenyewe, na kusamehewa moshi wa jioni. Nilimweleza yote.

"Watu wa huku wamezaliwa ndani ya moshi," alisema.

"Bwana, mtoto wangu karibu afe."

"Ukuta ni wa shamba. Mtoto ni wako. Ukuta wangu usiuguse."

Aliyasema hayo akiwa kwenye baraza yake. Nyuma yake niliona nyumba yenye madirisha kila upande, marefu, wavu mzuri wa kuzuia mbu umekazwa juu yake. Jiko lake lilijengwa mbali, ng'ambo ya bustani, kwa sababu moshi ulimuumiza kichwa mkewe. Kila siku, mvua inyeshe isinyeshe, mpishi alivuka bustani ile na sahani zilizofunikwa. Mtu yule alijua kabisa moshi ni nini! Alijua hata akaujengea nyumba ya peke yake. Kisha akatuamuru sisi tujifungie nao na watoto wetu, akaweka na nyapara wa kuukagua. Nimelifikiri jambo hilo kwa kila upande, kama kawaida yangu, nikitafuta mahali pa kumsamehe, na sijapaona.

Godoro nililichoma moto mbali na nyumba. Vijana wa banda la kuchanulia walinuna, wakaacha kunisalimu, mmoja akaniambia, "Karani umechoma mikono yetu." Niliwaambia wajitazame wanavyokohoa. Hawakupenda. Mama Rajabu peke yake alikuja akasimama, akautazama moto mpaka ukaisha, akaondoka bila mzaha wowote.

Muda wa kazi ulipomalizika sikuongeza. Niliwafuata Handeni, tukahamia Mnyuzi, karibu na reli, tukalima. Nilijenga nyumba ya nyasi yenye madirisha mawili yanayotazamana, na kitanda cha kamba kilichoinuka. Ufa wowote wa ukuta au sakafu nauziba kwa udongo kila wiki, maana papasi nao nawaogopa. Jiko ni kibanda cha peke yake. Majirani walisema karani amejenga tundu la njiwa. Zuhura naye, siku ya kwanza ya mvua, alikuja na sufuria amelowa mpaka kiunoni. "Wewe hupiki," alisema. "Ndiyo maana jiko umeliweka Tanga." Tuligombana vikali. Nikaezeka njia fupi kutoka jikoni mpaka mlangoni, na ugomvi ukapungua.

Mwenye mtoto wa namna hii asitegemee muujiza. Vuli ya kwanza Mwantumu alipiga miluzi tena, kidogo. Gunia la pamba mbovu la jirani lilimrudisha nyuma kwa siku kadhaa. Sasa tunajua kutandika ukindu mtupu, kuanika nguo za kulalia juani, kumtoa nje kabla hajashika magoti. Weusi wa macho umekwisha. Ule mstari wa pua bado upo.

Mwezi uliopita nilipita Ngombezi, nikasimama mbele ya chumba changu cha zamani. Mlango ulikuwa wazi kidogo, moshi unatoka. Ndani alikuwa mama mgeni, mtu wa bara, ana kichanga kifuani. Nilimweleza kutoka mlangoni. Alinisikiliza kwa adabu.

"Sasa kaka, nyapara akipita nimwambie nini?"

Nilimsaidia kuhamishia mafiga nje kwa mchana ule, nikaondoka, na njia nzima nilikuwa nikijibu swali lake kwa maneno ambayo hayakumfaa. Ndiyo maana nimeandika. Wako wengi kama yeye, na Bwana Msimamizi hasomi Kiswahili, lakini wapo wanaosoma ambao wana amri juu ya kuta.

Masika haya yameanza. Jana mchana mvua ilipiga sana, Zuhura yuko jikoni kwake, Mwantumu amelala kwenye mkeka baina ya madirisha mawili. Sikuweza kutulia. Nilipiga magoti nikaweka sikio kifuani kwake nisikilize, nikabaki hapo, maana kila nilipoona ni salama nilifikiri labda sijasikiliza vya kutosha. Akafumbua jicho moja.

"Baba, sogea," akasema. "Unanizibia upepo."